Tusisubiri boljointi ikatike ndipo tuhesabu hasara

KILA msimu wa mavuno unapofika, mazungumzo ya wakulima na wafanyabiashara wadogo huwa ni yale yale: bei ya gunia, bei ya mafuta na nauli ya kufikisha mzigo sokoni. Bei ya dizeli kila mtu anaijua, kwani hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Bei ya mazao nayo hujulikana kwa simu moja tu. Lakini ipo gharama ambayo haitangazwi na mtu yeyote, haiandikwi kwenye daftari la dereva wala la mwenye mzigo, na hujitokeza siku moja kwa mshindo katikati ya safari. Hiyo ni gharama ya miguu ya mbele ya gari, yaani boljointi, tairodi, bushi, shokapu na springi.

Huenda msomaji akajiuliza mambo ya gereji yanahusiana vipi na ukurasa wa kilimo na biashara. Jibu ni kwamba yanahusiana sana. Sehemu kubwa ya mazao ya wakulima wadogo huanza safari yake katika pickup, Hiace, Noah au kikanta kilichokuja nchini kikiwa kimetumika, na ambacho huanza kupita kwenye vumbi na makorongo tangu siku ya kwanza. Gari hilo likipiga magoti njiani, anayepata hasara si mwenye gari peke yake. Nyanya zinaoza, mnunuzi anatafuta mzigo mwingine, na mkulima aliyekuwa anasubiri malipo yake anaambiwa avumilie hadi wiki ijayo.

Sisi tunaona wakati umefika wa kuacha utamaduni wa kusubiri kiungo kikatike ndipo kibadilishwe. Boljointi na viungo vyenzake vihesabiwe kama vile mkulima anavyohesabu mbegu na mbolea. Ni gharama ya lazima inayojulikana mapema na kutengewa fedha kila safari. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika suala hili ukuta wenyewe unaweza kuwa uhai wa mtu.

Kiungo kidogo, kazi kubwa

Kwa wasioifahamu, boljointi ni kiungo kinachofanana na nyonga ya binadamu. Kuna kichwa cha chuma cha duara kilichokaa ndani ya kikombe chake, kimezungukwa na grisi na kufunikwa kwa mpira wa kuzuia vumbi. Kiungo hicho ndicho kinachounganisha tairi la mbele na mkono wa chini, ambao mafundi wengi huuita amu. Ndicho pia kinachowezesha tairi kukata kona huku likipanda na kushuka kwenye mashimo. Magari mengi madogo kama Corolla yana boljointi moja ya chini kila upande, na juu yake hukaa shokapu na springi vilivyounganishwa pamoja. Hiace, kama zilivyo pickup nyingi, ina mikono miwili kila upande, wa juu na wa chini, hivyo boljointi zake ni nne.

Adui mkubwa wa kiungo hiki ni vumbi na maji. Mpira wake ukichanika hata kidogo, grisi hutoka na mchanga huingia. Kuanzia hapo chuma husagana na chuma. Nafasi ndogo hutokea kati ya kichwa na kikombe, na kila shimo ambalo gari linapita huiongeza. Mwisho wake kichwa huchomoka au hukatika shingoni, tairi hulala chini ya bodi, na usukani hauna tena amri juu ya upande huo. Likitokea gari likiwa linatembea mwendo wa kuvuta miguu kijijini, ni bahati. Likitokea kwenye mteremko, gari likiwa na mzigo na watu juu yake, ni msiba.

Jambo la kuzingatia ni kwamba viungo hivi huharibiana. Shokapu ikifa, tairi hudundadunda badala ya kukanyaga ardhi, na kila pigo huenda moja kwa moja kwenye boljointi na bushi. Bushi zikiisha, mkono hucheza mbele na nyuma na kuiumiza boljointi iliyobadilishwa juzi. Tairodi ikilegea, tairi hutetemeka na kuliwa upande mmoja. Ndiyo maana mwenye gari anayebadilisha kiungo kimoja leo, kingine baada ya miezi miwili na cha tatu kabla ya Krismasi, hulalamika kwamba spea za siku hizi hazidumu. Wakati mwingine spea ni nzima kabisa, ila imefungwa katikati ya viungo vilivyokwisha.

Tatizo la pili ni mazoea. Kwa kuwa uchakavu huja polepole, dereva huzoea mlio wa kugonga mbele kama anavyozoea mlango usiofunga vizuri. Huongeza sauti ya redio na kuendelea na safari. Abiria mgeni akiuliza, huambiwa gari ndivyo lilivyo.

Hesabu ya mkulima

Tuchukue mfano ili hesabu ieleweke. Bei hutofautiana kwa mkoa na kwa aina ya gari, hivyo kila msomaji aweke za kwake. Tuseme pickup ya tani moja inasomba nyanya safari nane kwa mwezi. Kubadilisha boljointi zote nne, tairodi, bushi na shokapu mbili za mbele, pamoja na ufundi na alaimenti, tuseme ni Sh720,000, na kazi hiyo inadumu miezi 18. Katika miezi hiyo gari litakuwa limekwenda safari 144. Ukigawanya, kila safari inatakiwa kuchangia Sh5,000. Kama gari linabeba matenga 25, hiyo ni Sh200 kwa kila tenga.

Sasa tuangalie upande wa pili. Boljointi imekatika njiani na mzigo upo juu. Matenga 25 yenye thamani ya Sh40,000 kila moja ni mzigo wa Sh1,000,000. Ukichelewa siku mbili juani na kuuzwa nusu bei, Sh500,000 zimepotea. Kuvuta gari hadi mjini, tuseme Sh200,000. Tairi likilala huwa halilali peke yake, bali huondoka na mkono, madigadi na mara nyingine ekseli, kwa hiyo tuweke Sh500,000 nyingine. Jumla ni Sh1,200,000. Fedha hizo ni sawa na mchango wa safari 240, yaani miaka miwili na nusu ya kuweka Sh5,000 kila safari. Na baada ya kuzilipa, bado boljointi yenyewe hujanunua.

Hapo hatujahesabu safari ambazo gari halikwenda likiwa gereji, wala mteja aliyehamia kwa msafirishaji mwingine. Hatujagusa pia hasara ya kimya kimya ambayo haihitaji kitu kukatika. Gari lenye shokapu zilizokufa hutetemesha mzigo njia nzima. Nyanya, parachichi na ndizi mbivu hufika zikiwa zimepondeka, na mnunuzi anayejua kazi yake hushusha bei kabla hata ya kufungua tenga la pili. Mkulima hudhani amepunjwa na dalali, kumbe thamani ya mazao yake ilibaki barabarani.

Tairi nazo zina hesabu yake. Gari ambalo miguu yake imelegea hula tairi za mbele upande wa ndani au wa nje, na tairi ambayo ingetumika miaka miwili hutupwa baada ya miezi michache ikiwa bado na kashata nzuri upande wa pili. Mwenye gari anayekwepa kununua boljointi hujikuta ananunua tairi, ambayo ni ghali zaidi, na ataendelea kuzinunua hadi atakapoushughulikia ugonjwa wenyewe.

Kuna hoja kwamba ushindani wa nauli hauruhusu kuongeza hata Sh5,000. Hoja hii ina uzito, kwani msafirishaji anayepandisha nauli peke yake anaweza kukosa mzigo. Hata hivyo, anayetoza nauli ya chini kwa kuacha kulitengeneza gari hajapata njia ya kufanya biashara kwa gharama nafuu. Anachofanya ni kula mtaji wake kidogo kidogo, kama mkulima anayeuza mbegu za msimu ujao ili anunue sukari. Siku gari litakapogoma, atagundua kwamba faida aliyokuwa akiihesabu kila jioni ilikuwa kipande cha gari lake mwenyewe.

Mwenye mzigo naye asijidanganye. Wafanyabiashara wengi wadogo hawana bima ya mzigo safarini, na bima ndogo ambayo magari mengi hukata hulipa madhara ya watu wengine, si mali iliyobebwa na gari lenyewe. Hivyo nauli iliyopunguzwa kwa Sh10,000 katika gari bovu ni kamari, na dau lake ni mzigo wote.

Fundisho la magari ya mashindano

Wapo wanaoamini kwamba gari gumu ni lile lisilobadilishwa kitu. Historia ya mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na katika miaka yake ya mwanzo kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, inatufundisha kinyume chake. Mwaka 1971 mashindano hayo yalishindwa na Edgar Herrmann akiendesha Datsun 240Z. Mwaka 1973 yalishindwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na gari la aina hiyo hiyo. Datsun 240Z ilikuwa gari la michezo la watu wawili, lililotengenezwa kwa ajili ya barabara za lami. Kwa umbo lake hakuna mkulima ambaye angelipa nauli kupeleka mahindi ndani yake.

Gari kama hilo lilimaliza njia za vumbi, mawe na matope kwa sababu liliimarishwa kabla ya safari na kuhudumiwa njiani. Timu za mashindano huwa na mafundi wanaosubiri katika vituo, na gari likifika hukaguliwa miguu. Shokapu iliyochoka hutolewa, na kiungo chenye mashaka hubadilishwa hata kama bado kinatembea. Utaratibu huo upo hadi leo katika Safari Rally, ambayo mwaka 2021 ilirejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia nchini Kenya.

Hatusemi kwamba msafirishaji wa viazi wa Njombe awe na bajeti ya timu ya mashindano. Tunachosema ni kwamba kanuni ni ile ile, nayo haihitaji utajiri. Kiungo kinabadilishwa mahali ulipopanga wewe, siku uliyopanga wewe, kwa bei uliyoipatana ukiwa umetulia. Anayesubiri kikatike hubadilisha mahali palipoamuliwa na shimo, saa iliyoamuliwa na shimo, na kwa bei anayotaka fundi wa kwanza kufika na pikipiki.

Namna ya kupima

Kupima hakuhitaji mashine kubwa. Inatosha jeki imara, stendi za kushikilia gari, magogo au mawe ya kuzuia tairi za nyuma, na watu wawili. Tunasisitiza kwamba mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Kwanza, nyanyua upande mmoja wa mbele hadi tairi liache ardhi. Mahali pa kuweka jeki ni muhimu. Kwa gari ambalo springi yake imekalia mkono wa chini, jeki iwekwe chini ya mkono huo karibu na tairi, ili boljointi ipumzike na uchakavu uonekane. Kwa gari la aina ya Corolla, jeki iwekwe chini ya fremu na tairi liachwe lining'inie. Ukikosea hapa, boljointi iliyokwisha inaweza kuonekana nzima.

Pili, shika tairi juu na chini kwa mikono miwili, kisha lisukume na kulivuta. Likicheza, tatizo ni boljointi au beringi ya tairi. Ili kutofautisha, mwenzako akanyage breki huku ukirudia. Mchezo ukiisha, tazama beringi kwanza. Ukibaki, tazama boljointi. Tatu, shika tairi kushoto na kulia na ufanye vivyo hivyo. Mchezo wa upande huo mara nyingi unatoka kwenye tairodi. Nne, weka mtaimbo chini ya tairi na ulinyanyue taratibu huku mwenzako akiangalia kiungo kwa tochi. Kikipanda na kushuka ndani ya kikombe, ujue umri wake umekwisha.

Mwisho, angalia mipira ya vumbi. Mpira uliochanika ni taarifa ya mapema kabisa ambayo gari linaweza kukupa. Kwa shokapu, tafuta mafuta yanayovuja mwilini mwake. Bonyeza pia kona ya gari kwa nguvu na uachie. Likiendelea kudunda badala ya kutulia, shokapu haifanyi kazi. Kazi yote hii haifiki saa moja, na kwa gari la njia za vijijini ni busara kuifanya kila mwezi wakati wa msimu.

Namna ya kubadilisha

Ubadilishaji ni kazi ya fundi, lakini mwenye gari anayejua hatua zake hadanganyiki kirahisi. Katika magari mengi boljointi hufungwa kwenye mkono kwa bolti. Katika mengine imeshindiliwa ndani ya mkono na hutolewa kwa presi, na kuna yale ambayo kiwanda huuza mkono mzima ukiwa na boljointi yake. Fundi atoe shingo ya boljointi kwenye nafasi yake kwa kifaa cha kuvutia, na si kwa kupiga nyundo ovyo hadi anaharibu sehemu nzima za jirani.

Kuna tabia ya kuchomelea boljointi iliyolegea ili ibane, au kuibana kikombe chake kwa nyundo na kuipaka grisi mpya. Tabia hii ikomeshwe. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma na kuunguza vilivyomo ndani, na boljointi ya namna hiyo hukatika bila kutoa taarifa. Fundi anayekuambia itakufikisha Jumatatu hayupo nawe ndani ya gari siku ya Jumapili.

Wakati wa kufunga, nati ikazwe kwa kiwango cha kiwanda kwa spana ya kupimia, na ile pini inayozuia nati kufunguka iwe mpya. Shokapu zibadilishwe mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, kwani moja mpya na moja iliyochoka hulifanya gari livute upande. Kuhusu bushi za mpira, bolti zake zikazwe mwisho kabisa wakati gari limesimama kwa tairi zake chini. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira hujipinda mara tu gari linaposhushwa, na bushi mpya huchanika mapema. Hili ni jambo ambalo gereji nyingi hulipuuza, kisha lawama humwendea muuza spea.

Baada ya hapo gari lipelekwe kupimwa alaimenti. Kuacha hatua hii ni sawa na kupanda mbegu bora na kuacha kupalilia.

Rahisi inayogharimu

Maduka ya Kariakoo na ya mikoani yana boljointi za kila bei. Mbili zikiwekwa mezani zinaweza kufanana kama mapacha, huku moja ikiuzwa robo ya bei ya nyingine. Tofauti imo ndani. Ipo kwenye chuma kilichopata moto unaotakiwa au kilichoachwa laini, kwenye mpira unaovumilia jua au unaopasuka baada ya masika moja, na kwenye grisi iliyotosha au iliyopakwa tu.

Ili msomaji aone jinsi kiungo hiki kisivyotaka mzaha, tukumbuke yaliyotokea mwaka 2005. Toyota iliita magari zaidi ya 700,000 nchini Marekani, yakiwemo pickup za Tacoma na Tundra, kwa sababu uso wa kichwa cha boljointi uliweza kuwa ulikwaruzwa wakati wa kutengenezwa, jambo ambalo lingefanya kiungo kiishe na hatimaye kuachia. Ikiwa mkwaruzo tu ulitosha kuifanya kampuni kubwa iyarudishe magari yote hayo, itakuwaje kwa boljointi ambayo hata aliyeiuza hajui imetoka kiwanda gani?

Mnunuzi achukue tahadhari hizi. Aishike boljointi mkononi na kuichezesha. Mpya iliyo nzuri huwa ngumu kidogo na husogea bila kukwamakwama, na inayozunguka ovyo kama kengele si ya kununuliwa. Aangalie mpira umekaa sawasawa pande zote. Alinganishe namba ya spea na ya gari lake, kwani toleo moja la Hiace si sawa na jingine. Adai risiti ya mashine ya EFD, kwa sababu bila risiti hana pa kuanzia kulalamika. Aidha, aepuke boljointi za mtumba zilizotolewa kwenye magari yaliyochinjwa. Mkono wa chuma wa mtumba usiopinda unaweza kufaa, lakini kiungo chenye mpira na grisi ya miaka mingi ni kununua uchakavu wa mtu mwingine.

Si lazima kila mtu anunue spea ya bei ya juu kuliko zote. Zipo kampuni zinazoheshimika zinazotengeneza viungo bora kwa bei ya kati. Cha msingi ni kununua kwa muuzaji anayekubali kuandika jina la bidhaa kwenye risiti na kuipokea ikirudishwa.

Lumbesa huua gari pia

Ukurasa huu hauwezi kumaliza suala hili bila kugusa lumbesa. Tumezoea kuizungumzia kama wizi kwa mkulima, na ndivyo ilivyo. Lakini lumbesa inaiba pia kwa mwenye gari. Pickup ya tani moja ikipakiwa magunia 10 yanayosemekana kuwa ya kilo 100, kumbe kila moja lina kilo 130, inabeba kilo 300 za ziada ambazo hakuna aliyezilipia. Ongeza watu watatu juu ya mzigo, na miguu ya gari inafanya kazi ambayo haikutengenezwa kuifanya.

Sheria ya kudhibiti uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 1, 2019, inahusu magari yenye uzito unaozidi tani 3.5. Pickup ya kijijini haiguswi na mizani hiyo. Hivyo mwenye gari dogo ndiye mizani yake mwenyewe, na adhabu ya kuzidisha huilipa gereji badala ya kuilipa serikalini.

Nani afanye nini

Kwa wenye magari, ushauri wetu ni kufungua daftari moja. Upande mmoja iandikwe tarehe, kilometa na kiungo kilichobadilishwa. Upande wa pili iandikwe fedha iliyotengwa kila safari. Fedha hiyo isikae mfukoni mwa dereva wala kwenye kabati la nyumbani, iwekwe benki, kwenye simu au katika SACCOS. Dereva naye asionekane msumbufu anaporipoti mlio. Mwajiri anayemkaripia dereva kwa kusema gari linagonga anajifungia mwenyewe njia ya kupata taarifa.

Kwa wakulima na wafanyabiashara wanaokodi, tunashauri mkodi kwa pamoja kupitia vikundi na vyama vyenu vya ushirika, na sharti la ukaguzi liwe sehemu ya makubaliano. Wasafirishaji watakapoona kwamba gari zima ndilo linalopata mzigo wa uhakika, ushindani utahama kutoka kwenye nauli ya chini na kwenda kwenye huduma bora.

Kwa Jeshi la Polisi na mamlaka zinazokagua vyombo vya usafiri, tunaomba ukaguzi uende mbali zaidi ya taa, wiper na kizima moto. Stika iwe ushahidi kwamba tairi la mbele lilinyanyuliwa na kutikiswa. Kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na Tume ya Ushindani (FCC), misako ya bidhaa bandia ilenge pia vipuri vinavyobeba uhai wa watu, na majina ya bidhaa zilizobainika yatangazwe hadi vijijini ambako ndiko huishia. VETA na vyuo vingine vya ufundi viwafikie mafundi wa mitaani kwa kozi fupi za jioni, kwani wengi wao wana mikono mizuri na wanachokosa ni vifaa vya kupimia na maelekezo sahihi.

Kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017, ombi letu ni la kila siku: barabara ya changarawe ichongwe kabla ya mavuno, si baada yake. Mawimbi madogo madogo yanayotetemesha gari kwa kilometa 30 mfululizo humaliza bushi na shokapu haraka kuliko shimo moja kubwa ambalo dereva analiona na kulikwepa. Fedha inayookolewa kwa kuchelewesha greda inalipwa na wananchi madukani, kipuri kwa kipuri.

Hata hivyo, ubovu wa barabara usiwe kisingizio. Barabara ikiwa mbaya, ndivyo sababu ya kukagua gari inavyozidi. Mkulima hasemi kwamba kwa kuwa wadudu ni wengi mwaka huu hatanyunyiza dawa.

Msimu unakuja na mizigo inasubiri. Kabla ya kufunga turubai na kukamata usukani, piga jeki, nyanyua tairi na ulitikise. Likicheza, mzigo ungoje kwanza. Kuchelewa nusu siku ukiwa nyumbani ni gharama ndogo kuliko kulala porini na matenga 25 yanayovuja maji.